Sifuri ya Mwaka wa Themanini na Saba

Lyle Novak alikaa ndani ya gari nje ya nyumba ya wazee dakika ishirini nzima. Injini imezimwa, theluji inajaa kwenye kioo, na mswada wa kitabu chake uko kiti cha pembeni, ameufunga mkanda usije ukamwagika kwenye kona. Mtu mzima wa miaka sitini na moja! Mtu aliyekuwa akijitupa kutoka mnara wa mita kumi bila hata kukohoa, leo anauogopa mlango wa kioo unaojifungua wenyewe. Haya, mcheke ukitaka. Lakini kwanza sikiliza alichokuwa amekibeba.

Simu ikalia. Alikuwa Hector, mume wake, aliyebaki Florida na mbwa wao wawili.

"Bado hujashuka garini," Hector akasema.

"Nani kakwambia?"

"Ungekuwa umeshaingia usingepokea simu. Shuka, bwana wee. Mzee ana miaka themanini na minane. Unamngoja atimize mia?"

"Nikimwambia halafu moyo ukasimama, je?"

"Basi atakufa anaujua ukweli. Usipomwambia wewe, atasomewa na watu baki. Umeniudhi miaka minne na hicho kitabu, Lyle. Nenda kakimalize."

Kitabu chenyewe kilikuwa kimekwisha isipokuwa sura moja. Mchapishaji alimpa siku kumi za kurudisha masahihisho, na zilikuwa zimebaki tatu. Kilikuwa kitabu cha maisha yake: mbizi, medali chache, na habari za mwanamume aliyempenda ujanani, enzi ambazo mwanamichezo akijulikana kuwa anapenda wanaume wenzake, siku hiyo hiyo begi lake linakutwa limetupwa nje ya chumba cha kubadilishia nguo. Hayo yote aliyaandika bila shida. Sura ya kumi na moja ndiyo iliyomtoa jasho. Aliipa jina "Sifuri", na ndani yake alikiri uongo uliomkalia mtu mwingine mabegani kwa miaka thelathini na minne. Mtu huyo ni Kocha Harlan Dietz, na alikuwa ndani ya jengo lile, chumba cha mwisho mkono wa kushoto.

Mambo yalikuwa hivi. Kwenye mashindano ya mbizi hupandi mnarani ukaruka unavyojisikia. Siku moja kabla, unajaza fomu: mbizi ya kwanza hii, ya pili ile, kila moja kwa namba yake, mpaka ya mwisho. Mrukaji anatia saini, kocha wake anatia saini. Ukishatia saini umekwisha. Ukifika juu ukaruka mbizi nyingine isiyokuwa kwenye fomu, hata watu wazimie kwa uzuri wake, unapewa sifuri.

Kocha Dietz alikuwa na desturi yake. Jioni ya kuamkia mashindano alimkalisha mrukaji mezani, akavaa miwani, akamsomea fomu kwa sauti, mbizi moja moja. Kila akisoma moja, wewe unajibu "Ndiyo". Ukisita, anaifuta. Akimaliza unasaini wewe, halafu yeye, halafu anasema, "Sasa kalale." Vijana walimcheka kwa hilo miaka nenda miaka rudi, wakamwita Padri. Hakujali.

Na Russ ndiye aliyekuwa akimcheka kuliko wote. Russell Tatum, mtoto wa fundi bomba, mfupi, mabega mapana, mdomo hauna breki. Yeye na Lyle walipanga ghorofa ya juu nyumbani kwa mjane mmoja wa kanisani, aliyeamini kabisa kuwa wale vijana wanalala vyumba viwili. Aliamini, au alijifanya anaamini. Akina mama wale wana akili zao. Miaka mitatu waliishi hivyo, na Lyle hajawahi tena kucheka vile katika maisha yake, hata na Hector, na Hector mwenyewe anajua.

Russ alikuwa bingwa wa mbizi moja hasa: ile ya kusimama kwa mikono. Unafika ukingoni mwa jukwaa, unainama, unashika ukingo kwa viganja, unanyanyua miguu polepole hadi ukawa wima kichwa chini, unatulia, ndipo unajiachia. Lyle aliichukia. Akiijaribu mazoezini mikono inamtetemeka, na Russ kule chini anapiga makelele: "Shuka, Lyle, shuka! Hiyo mikono yako ni ya kushikia kijiko tu!"

Majira ya baridi ya themanini na sita, Russ akaacha timu. Alisema ni bega. Ilipofika vuli alikuwa amekonda, akikohoa usiku kucha, na bega halikuwa tatizo lake. Ulikuwa Ukimwi, na siku zile hakukuwa na dawa, kulikuwa na hofu tu. Wazazi wake walikuja wakamchukua. Alifariki mwezi wa saba mwaka uliofuata, siku ya Jumatano. Lyle alipopiga simu kuulizia mazishi, baba mtu akamjibu kwa upole kabisa kuwa ni ya watu wa nyumbani tu. Wakamzika Ijumaa. Jumapili ilikuwa fainali ya kuchagua timu ya taifa.

Jumapili hiyo Lyle alikuwa wa pili, imebaki mbizi moja, na wanaochukuliwa ni wawili. Fomu ilisema mbizi ya mbele, kujipindua mara tatu na nusu. Mbizi aliyoijua akiwa amelala. Akapanda ngazi, akajifuta maji kwa kile kitambaa cha ngozi ambacho warukaji wote hukibeba, akakidondosha chini kama kawaida. Akatembea hadi ukingoni. Akainama. Akashika ukingo kwa viganja, akanyanyua miguu.

Kisha akajiachia.

Alipotoka majini ubao ulikuwa umeandikwa sifuri, na Kocha Dietz alikuwa ameshafika kwenye meza ya mwamuzi mkuu, miwani mkononi. Sauti yake ilisikika hadi kwenye viti vya waandishi wa habari. "Kosa ni langu. Nilinakili orodha ya zamani kwenye fomu. Kijana karuka nilichomwagiza. Mimi ndiye niliyekosea kuandika."

Magazeti yakamla nyama. Kocha mwenye uzoefu wa miaka thelathini, hajui kujaza fomu! Alikuwa ametajwa kuwa kocha wa timu ya taifa, wakamwondoa. Klabu ikamvumilia mwaka mmoja, ikammwaga. Akaishia kwenye bwawa la shule akifundisha watoto wa darasa la pili kuelea, na watu wazima wa mji ule walipomwona sokoni wakambandika jina: Bwana Sifuri. Lyle naye alinyamaza. Angesema nini? Angesema aliruka mbizi ya mpenzi wake aliyezikwa juzi kwa ule ugonjwa? Alikuwa na miaka ishirini na saba, alikuwa anaogopa hata kupima damu. Akaacha mzee abebe, akahamia Florida.

Na kila Krismasi ikaja kadi kutoka kwa Kocha, kule Ohio, mwandiko ule ule wa fomu, neno moja tu: "Nisamehe. H.D." Kadi thelathini na nne. Kila mwaka Lyle aliisoma amesimama jikoni, kisha anaitia kwenye droo na kukosa hamu ya kula. Mzee masikini wa Mungu, anaomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya! Anaamini kweli kalamu yake ndiyo iliyomharibia Lyle maisha! Hicho ndicho Lyle alichokuja kukiondoa siku ile kwenye theluji. Alitaka mzee afe akijua hana kosa. Na kama ingebaki nafasi, alitaka yeye mwenyewe asamehewe.

Akafungua mkanda wa mswada, akashuka.

Marlene, binti mkubwa wa kocha, alimpokea mlangoni mwa chumba. Mwanamke wa makamo, sweta la kufuma, macho ya baba yake.

"Leo yuko vizuri," akanong'ona. "Macho tu ndiyo hayaoni kusoma. Masikio yanasikia hata usichosema."

Kocha Dietz alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha, blanketi magotini, bakuli la maharage yaliyopoa mbele yake. Televisheni ilikuwa ikionyesha mpira wa kikapu bila sauti. Mwili ule mkubwa ulikuwa umebaki mifupa na masikio.

"Nani huyo? Novak?" akauliza. "Nimekujua kwa mwendo. Bado unakanyagia vidole. Sogea nikuone. Umenenepa!"

"Na wewe umepungua, Kocha."

"Mimi nina ruhusa ya daktari. Wewe una ruhusa ya nani? Kaa. Marlene anasema umeandika kitabu."

"Nimeandika. Kuna sura nataka nikusomee kabla haijachapwa. Inakuhusu." Lyle alisikia sauti yake inapanda. "Kuna jambo nilikuficha. Nikimaliza kusoma, unifukuze ukitaka."

"Soma, nitakufukuza baadaye."

Marlene akazima televisheni, akatoka, akaurudisha mlango. Lyle akasoma. Alisoma habari za Russ, na za mjane, na vyumba viwili. Mzee hakujitikisa. Alisoma habari za simu na mazishi ya Ijumaa. Akafika kwenye mnara, kwenye ukingo, na pale alipoandika: "Sikuchanganyikiwa, na fomu haikuwa na kosa. Nilikusudia. Nikamwacha mtu mwema kuliko wote niliowajua abebe sifuri yangu maisha yake yote, huku akidhani ni yake." Hapo akakoma. Akaweka karatasi mapajani.

Kocha alinyanyua kijiko, akala maharage kidogo, akakirudisha.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"We kijana, fomu niliijaza mimi. Nilikusomea jana yake, ukajibu ndiyo mara kumi. Unadhani nilisahau nilichosoma? Nilikuwa na miaka hamsini na minne, sikuwa na wazimu." Akajifuta mdomo. "Na kusimama kwa mikono si jambo la haraka. Ulipoinama tu nilikuwa na muda. Ningeita jina lako, ungeshusha miguu, ungejipanga upya, wangekukata pointi mbili, na timu ungeingia. Nilifungua mdomo kabisa nikuite. Nikaufunga."

Lyle alimtazama. Miaka thelathini na minne ya mzigo ule, kumbe mwenye mzigo alijua! Moyo ukamjaa, machozi yakamtoka bila aibu.

"Kwa hiyo ulininyamazia makusudi. Halafu ukaenda kusema uongo kwa ajili yangu. Kocha, basi wewe ni mwema hata kuliko nilivyoandika."

"Ee, hapo ndipo unaponikera." Mzee alipiga mkono wa kiti. "Hilo neno, mwema. Lifute. Umelisoma mara tatu, nimehesabu, na kila mara linanichoma. Sasa nyamaza, nami nikusomee ya kwangu. Unaikumbuka ile wiki pampu ya bwawa iliharibika?"

Lyle alikumbuka. Ilikuwa Januari ya themanini na sita. Bwawa lilikaa tupu siku sita, na timu nzima ikafanya mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa, wakijipindua kwenye magodoro, Russ akiwaigiza wachungaji mpaka watu wakaumwa mbavu.

"Pampu haikuwa na kitu," Kocha akasema. "Jumatatu ile asubuhi Russ alikuja ofisini kwangu, akafunga mlango. Alikuwa amepata majibu ya hospitali. Mimi ndiye mtu wa kwanza kumwambia. Kabla yako, kabla ya mama yake. Akasema, Kocha, nimeona nikuambie wewe kwanza, kwa sababu wewe utajua la kufanya." Mzee alivuta blanketi juu ya magoti. "Nilijua la kufanya. Nilimwambia akapumzike nyumbani. Alipotoka nikafungulia maji ya bwawa lote, hadi tone la mwisho. Nikasugua vigae kwa mikono yangu na dawa kali, mikono ikababuka. Nikawaambia ninyi pampu mbovu. Ijumaa nikachukua kalamu, nikaandika kwa kamati ya klabu kwamba Tatum ana jeraha la bega, aondolewe kwenye orodha. Hakuna aliyeniagiza. Hakuna aliyeniuliza. Niliandika mwenyewe."

"Russ aliniambia ni bega," Lyle akasema taratibu.

"Alikuambia nilichomwagiza akuambie. Alinijibu 'Ndiyo, Kocha'. Kama kwenye fomu."

Lyle alisimama. Miguu ilisimama yenyewe. Alimwona Russ kwenye godoro la kanisa, anaigiza mchungaji, watu wanacheka, na ndani ya mfuko ana majibu yake, na anajua. Anajua kwa nini bwawa ni kavu! Mtoto wa fundi bomba, nani angemdanganya kuhusu pampu?

"Haijaisha," Kocha akasema. "Siku ya fainali ulidondosha kitambaa. Kiliangukia miguuni pangu. Kilikuwa na herufi R.T. kwa wino. Ndipo nikaelewa ni nini unafanya kule juu, ndipo nikaufunga mdomo. Utaniuliza kitambaa kiko wapi."

"Nilikitafuta," Lyle akasema. "Nilitafuta mpaka wafagizi wakanitoa."

"Nilikisukuma kwa kiatu hadi ukutani. Kisha nikachukua gazeti, nikakishika kwa hilo gazeti, nikakitia kwenye pipa la taka. Nimetoka kukunyamazia dakika ile ile, nimetoka kulia machozi kwa ajili ya yule kijana, na bado niliogopa kukigusa kitambaa chake. Huyo ndiye mtu mwema uliyemwandika."

Lyle aliziacha karatasi zake kitini. Alitoka, akaacha mlango wazi, akatembea korido nzima hadi kwenye mashine ya kahawa, akasimama mbele yake bila kubonyeza kitu. Alikuwa na hasira ambayo hakuwa nayo tangu ujana. Alitaka kurudi akamwambie yule mzee kuwa Russ alimpenda kama baba, kuwa hata mwisho, kabla wazazi hawajamchukua, akiwa na kilo arobaini, aliuliza, "Kocha hajapiga simu?" na Lyle akamdanganya kuwa kapiga. Alitaka pia kwenda zake, arudishe sura ilivyo, nzuri, safi, watu wasome walie. Nani angejua? Kitabu kilikuwa chake. Mzee hana hata macho ya kukisoma.

Marlene alikuja na kikombe cha chai, akamshikisha.

"Kakwambia ya pampu," akasema.

"Ulijua?"

"Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilimpelekea chakula bwawani nikamkuta amepiga magoti, anasugua na analia. Akaniapisha." Marlene alikuwa akivuta uzi wa sweta lake. "Lyle, mimi sikuombi umwonee huruma. Watu hapa mjini siku hizi wanamwita mtakatifu. Tangu ulipotoa ile makala yako ya kwanza ya kusema wewe ni nani, wakajumlisha mambo, wanasema kumbe Dietz alimkinga kijana wake. Kanisani wakataka kumpa cheti. Alikataa kutoka kitandani siku hiyo. Anachoogopa ni kitabu chako kimzike na hicho cheti."

Akaondoka, akamwacha na chai. Lyle aliinywa yote, chungu, haina sukari. Alikaa pale mpaka taa za maegesho zikaanza kuwaka. Alijiuliza swali moja tu, akaligeuza na kuligeuza: Russ angesema nini? Na jibu lilikuwa lile lile. Russ hakuweza kuvumilia mbizi iliyotangazwa hivi ikarukwa vile. Mtu akifanya hivyo mazoezini alikuwa anampigia mluzi.

Alirudi chumbani, akavuta meza ndogo ya magurudumu, akasogeza bakuli la maharage pembeni, akageuza karatasi ya mwisho ya sura upande usio na maandishi. Kocha alikuwa vile vile, mikono magotini.

"Nilidhani umekwenda," akasema.

"Nilitaka kwenda."

"Ungekuwa na haki."

"Najua nina haki, usinipe." Lyle akachukua kalamu. "Jumatatu gani? Tarehe."

Mzee akaitaja tarehe bila kufikiri. Lyle akaandika. Aliuliza, mzee akajibu, akaandika tena. Ilichukua saa nzima. Mara mbili aliacha kalamu akaenda kusimama dirishani, na Kocha hakumharakisha. Yaliandikwa majibu ya hospitali na maji yaliyomwagwa, ikaandikwa barua ya bega, likaandikwa na gazeti lililoshikia kitambaa. Neno "mwema" alilifuta, mara tatu. Pale mezani kwa mwamuzi, palipoandikwa kuwa kocha alidanganya, mzee alimsimamisha.

"Hapo pia umekosea. Niliposema kosa ni langu, sikudanganya."

"Ulisema wewe ndiye uliyekosea kuandika. Fomu haikuwa na kosa."

"Sikuwa nafikiria fomu. Waliuliza kosa ni la nani. Nikaona ile barua ya bega. Nikasema ni mkono wangu huu. Lyle, mwaka ule mzima sikuwa nimesema neno la kweli hata moja ila lile." Akagonga karatasi kwa kidole. "Na zile kadi za Krismasi, ulidhani ni kwa ajili ya sifuri? Ilikuwa kwa ajili ya Russ. Sikuwa na mwingine wa kumwomba."

Lyle alisogeza karatasi karibu. Kisha akaandika na hilo.

Alipomaliza, akavaa miwani, akamsomea mzee kwa sauti, sentensi moja moja, akitua kila nukta.

"Russ alimwambia kocha wake kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote."

"Ndiyo."

"Kocha alimwaga maji ya bwawa zima, akasingizia pampu."

"Ndiyo."

"Aliandika barua mwenyewe, bila kuagizwa na mtu."

"Ndiyo."

Waliendelea hivyo hadi mwisho. Mzee hakusita hata mara moja, ingawa pale kwenye kitambaa "ndiyo" yake haikutoka, aliinamisha kichwa tu kukubali, na Lyle akangoja mpaka ikatoka.

"Sijui kama nimekusamehe," Lyle akasema.

"Hiyo haimo kwenye fomu," Kocha akajibu.

Nje theluji ilikuwa imekoma. Lyle alikunja miwani yake. Kulikuwa na swali ambalo hakuwahi kumuuliza mtu, kwa sababu hakukuwa na wa kumuuliza. Mbizi ikipewa sifuri majaji hawainui alama, hakuna anayeizungumzia tena, ni sawa na mtu hakuruka.

"Kocha, ile mbizi. Ilikuwaje?"

Mzee alifumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu Lyle aingie uso wake ukawa ule wa zamani, uso wa mtu anayetazama juu.

"Mikono ilitetemeka mwanzoni. Nikasema, ataanguka. Halafu ukatulia. Ulitulia kabisa, nikahesabu hadi tatu. Ulipojiachia, miguu iliachana kidogo, kidogo tu, ulipojipindua mara ya pili. Uliingia wima. Maji hayakuruka, yalifunga tu juu yako." Akafumbua macho. "Nane."

"Nane?"

"Nane. Russ angepata tisa na nusu."

Lyle alicheka, na kicheko kikageuka kilio katikati ya njia, na hakujaribu kukizuia. Mikono ya kushikia kijiko! Alilia kilio cha Ijumaa ile ambacho hakuruhusiwa kukilia, amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya nyumba ya wazee, na Kocha Dietz alimtazama bila kumgusa na bila kumbembeleza mpaka alipomaliza.

"Iandike na hiyo," mzee akasema. "Halafu nipe kalamu. Bado sijatia saini."

Lyle akaandika: nane, na tisa na nusu. Akatia saini yake chini. Kisha akamshikia mzee karatasi isiteleze, na Kocha akaandika jina lake lote, polepole, herufi moja moja.

"Sasa kalale," akasema.